Kutoganda Hakutoshi: Wapi Paitwe Nusutropiki?

Visiwa vya Scilly viko kwenye latitudo ya 50 kaskazini, kilomita 45 hivi kutoka ncha ya Cornwall, Uingereza. Winnipeg ya Kanada iko latitudo hiyohiyo, na wastani wa Januari huko ni kama nyuzijoto 16 chini ya sifuri. Scilly, mwezi wa baridi kuliko yote una wastani wa nyuzi 8 juu ya sifuri. Jalidi huonekana kwa nadra, wakulima huvuna maua ya kuuza katikati ya majira ya baridi, na katika bustani ya Tresco, iliyoanzishwa na Augustus Smith miaka ya 1830, mitende na mimea ya Afrika Kusini hukua nje mwaka mzima. Ndiyo maana wapo wanaotaka visiwa hivi vihesabiwe kuwa nusutropiki, yaani ukanda wa joto la kadiri kati ya tropiki na nchi za baridi. Wengine wanakataa katakata.

Ukiwa Kigoma unaweza kudhani ubishi huu hautuhusu. Unatuhusu sana. Jina hilohilo hutumika kwenye maelezo ya mazao tunayohimizwa kupanda, na mkulima anayeliamini bila kuuliza limepimwa vipi anaweza kupoteza miaka shambani.

Upole wa Scilly unatokana na maji. Bahari hupata joto polepole na huliachia polepole, kisha pepo za magharibi hulisukuma kuelekea nchi kavu. Mkondo wa Ghuba, ule mkondo wa maji ya joto wa Atlantiki, umesifiwa mno kwa kazi hii. Mwaka 2002 mtaalamu wa tabianchi Richard Seager na wenzake walitoa hoja kwamba pepo na joto la kiangazi lililohifadhiwa baharini vina mchango mkubwa kuliko mkondo wenyewe. Sisi tunaliona jambo hilo mlangoni. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hukaa kwenye nyuzi 25 hivi karibu mwaka mzima, na usiku wa Julai hapa mjini Kigoma hauwi na baridi kama wa Tabora, ambako hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Ziwa lisipewe sifa zote, lakini. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na ufukwe wa Kigoma kwenye 775 hivi. Kimo peke yake kinaleta tofauti ya nyuzi mbili na nusu au zaidi kidogo.

Wanaoitetea Scilly wana hoja nzito. Mwanajiografia Glenn Trewartha alitaka nusutropiki iwe na miezi isiyopungua 8 yenye wastani wa nyuzi 10 au zaidi. Kwa kipimo hicho Scilly imesimama juu ya mstari wenyewe: Aprili ikipata joto kidogo inaingia, ikipoa kidogo inatoka. Tena wanauliza swali gumu. Ramani nyingi zinazofuata vipimo vya Wladimir Köppen, mtaalamu aliyeyagawa makundi ya tabianchi ya dunia, huiweka New York, mji wa theluji, katika nusutropiki yenye unyevu kwa sababu Julai yake huvuka nyuzi 22. Iweje kisiwa kisichoganda kiachwe nje? Hapo nawaunga mkono. Jina linaloifikia New York limevutwa kupita kiasi.

Ila kosa la New York haliipi Scilly haki. Agosti ya Scilly ina wastani wa nyuzi 17 tu. Mti hauuawi na baridi, lakini haupati joto la kuivisha matunda yake. Mpunga na pamba haviwezi kulimwa huko.

Kipimo cha latitudo tulichofundishwa shuleni hakitufikishi mbali. Lima iko kwenye latitudo ya 12 kusini, ndani kabisa ya tropiki, lakini mkondo wa baridi wa Humboldt huishusha Agosti yake chini ya nyuzi 18. Njombe yetu iko kwenye latitudo ya 9, nayo hushuka chini ya hapo kwa sababu ya kimo.

Na mstari huo wa nyuzi 18, ambao Köppen aliutumia kuitenga tropiki (mwezi wa baridi kuliko yote usishuke chini yake), haukuokotwa. Köppen aliisomea mimea, na makundi yake aliyajenga juu ya yale ya mtaalamu wa mimea Alphonse de Candolle. Mchikichi unamthibitisha: hupenda wastani wa nyuzi 24 hadi 28, na baridi ya chini ya 18 huupunguzia uzazi. Ndiyo maana mawese ni mali ya mabonde ya kando ya ziwa, na ukipanda kuelekea Buhigwe unakutana na kahawa.

Mimi ningedai masharti mawili kwa pamoja: miezi 8 ya Trewartha, na mwezi wa joto kuliko yote ufike nyuzi 22. Scilly inatoka, New York inatoka. Gharama yake naijua: San Francisco, ambayo miezi yote 12 huvuka nyuzi 10, inatoka pia, na nyanda za juu za Njombe vilevile. Naikubali gharama hiyo. Pwani na milima yenye upole ipewe makundi yake.

Hata hivyo wastani huficha usiku mmoja mbaya. Januari 1987 joto la Scilly lilishuka hadi nyuzi 7 chini ya sifuri, na sehemu kubwa ya mimea ya Tresco ikafa.

Kwa hiyo mtu wa Kasulu anayeambiwa apande parachichi la Hass kwa kuwa ni tunda la nusutropiki, na limefanikiwa Njombe, aanze na vipimo vya kwake. Adui wa Njombe ni jalidi inayounguza maua na majani machanga. Kasulu shida ni kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, bila mvua ya maana. Kabla ya kununua miche, ajue atayatoa wapi maji ya kumwagilia miezi hiyo mitano.