Wifi, Acha Mashine Ioshe

Wifi yangu alikuja kututembelea hapa Ujerumani mwezi wa Desemba, na kila tukimaliza kula alikuwa wa kwanza kufika kwenye sinki. Sahani moja moja, chini ya bomba la maji moto: anasugua, anasuuza, ndipo anaipanga kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda. "Wifi, hizo zimeshatakata. Sasa mashine ikaoshe nini?" Akacheka, akasema haiamini.

Simlaumu, nami nilianza hivyohivyo. Lakini bomba lililofunguliwa vizuri humwaga hata lita 8 kwa dakika, na mashine yangu kwenye programu ya Eko, ile ya kubana maji na umeme, hutumia kama lita 10 kwa shehena nzima. Ndoo moja ndogo! Dakika mbili za wifi zinaizidi. Tena anamwaga maji moto, na hapo ndipo penye gharama, kwa sababu umeme mwingi wa mashine huishia kwenye kupasha maji.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoikimbia Eko eti inachukua zaidi ya saa tatu. Hiyo programu hupasha maji hadi nyuzi 50 hivi, kisha inauacha muda ufanye kazi, kama unavyoloweka sufuria la ugali usiku ukalikuta asubuhi ukoko umejibandua wenyewe. Yangu haimalizi uniti moja ya umeme. Programu ya haraka inakimbizana na saa, kwa hiyo inalazimika kutumia moto mwingi.

Kwangu siku hizi mabaki yanakwanguliwa kwa kijiko, basi. Sabuni ya mashine ina vimeng'enya vinavyokula wanga na protini, kwa hiyo uchafu kidogo hauisumbui. Mashine haiwashwi mpaka ijae. Ikimaliza nafungua mlango vyombo vikauke kwa hewa. Mwiko wa mbao hauingii, wala sufuria za alumini. Yangu niliyoibeba kutoka Tanga iliingia inang'aa ikatoka imesawijika kama imepikiwa kuni mwezi mzima. Bado inaniuma.

Ila wanaosema mashine daima ni bora kuliko mikono nao wanatia chumvi. Mara nyingi wanalinganisha mashine na mtu aliyeacha bomba wazi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipima na njia nyingine: beseni moja la maji ya moto yenye sabuni, la pili la maji baridi ya kusuuzia. Kwa upande wa gesi zinazoongeza joto duniani, mabeseni mawili yaliishinda hata mashine inayotumiwa ipasavyo. Nilisoma nikamkumbuka bibi, mabeseni yake mawili ya plastiki uani na kichanja cha miti ambapo jua lilikausha vyombo bila bili ya mtu yeyote. Na bibi hata maji hakuyapasha, isipokuwa siku ya pilau.

Hapa ghorofa ya nne sina ua, na Desemba jua lenyewe ni la kuombwa. Mashine inanifaa.

Wifi amesharudi Tanga. Juzi kanipigia, anataka nimtumie mashine kwenye kontena. Nimemwambia nitamtumia mabeseni.