Leza, Darubini na Neno "Kila"

Jumamosi iliyopita, katika chumba chetu cha ghorofani hapa Kirumba, Mwanza, mchezo ulisimama karibu saa nzima kwa sababu ya nyongeza ya alama moja kwenye dadu. Tunacheza Traveller, mchezo wa kuigiza wa mezani wenye hadithi za anga za juu. Kila mtu ana mhusika wake, mwamuzi anasimulia dunia na maadui, na dadu mbili za kawaida (zetu zimetoka kwenye boksi la ludo) ndizo zinazoamua nani kapata na nani kakosa. Mchezo ulianzia Marekani mwaka 1977, ukiwa vijitabu vitatu vyeusi vya Marc Miller na kampuni ya Game Designers' Workshop. Sisi tunatumia toleo la pili la kampuni ya Mongoose ya Uingereza, la mwaka 2016.

Ilikuwa hivi. Wahusika wetu walikuwa majini, kwenye sayari ambayo nchi kavu ni visiwa vichache tu. Alfajiri, ukungu, boti ya maharamia iko mita 200 mbele. Mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake ya kila siku ni ufundi wa injini za boti pale Mwaloni, ana bunduki ya kawaida yenye masafa ya mita 250, na ameifungia vitu viwili: darubini na leza ya kulengea, inayomulika nukta nyekundu kwenye shabaha. Akaacha kufyatua kwa zamu nzima, akalenga mara tatu. Kisha akahesabu kwa sauti: "Kulenga tatu, leza tatu, jumla sita." Mwamuzi akamwambia, "Hapana kaka. Tatu na moja. Nne." Hawajamaliza, mchezaji wa tatu akadakia: kwenye ukungu wote huu, hiyo leza inamulika nini?

Meza ikagawanyika, na nadhani iligawanyika vibaya, kwa sababu maswali mawili yenye asili tofauti yalichanganywa yakawa ugomvi mmoja.

Nianze na lile la tatu na tatu. Kanuni ya kulenga ni nyepesi: ukitumia tendo dogo kulenga, unapata nyongeza ya 1, na unaweza kurudia hadi 6. Leza inaongeza 1 zaidi kwa shambulio lililotumia kulenga. Kitabu ni cha Kiingereza, na mezani tunakitafsiri kwa mdomo, harakaharaka, dadu zikiwa mkononi. Nilipojaribu kukumbuka tulivyomweleza fundi siku aliponunua leza yake, ilikuwa hivi: "Kila ukilenga, leza inakuongezea moja." Hapo ndipo tulipoharibu. Anayepokea nyongeza kwenye sentensi hiyo ni mlengaji, na anaipokea kila anapolenga. Sema sasa kwa namna nyingine: "Shambulio lililotanguliwa na kulenga linaongezewa moja." Kiambishi li- kimeshaonyesha mwenye mali. Shambulio ni moja, nyongeza ni moja, hata kama ulilenga mara tano kabla yake.

Kwa hiyo fundi hakuwa mjanja wala mroho. Alisoma sawasawa sentensi mbovu tuliyompa. Na hoja yake haikuwa ya kijinga hata kidogo. Alisema kifaa amekinunua kwa fedha za mhusika wake, na akikitumia mara tatu kinapaswa kumfanyia kazi mara tatu. Mwamuzi akamjibu kwa lugha ya kazi yake mwenyewe: ukibadili propela, boti inapata mwendo wake mpya mara moja; haiongezi mwendo mwingine kila ukivuta kamba ya kuwasha. Fundi alinyamaza kidogo, akasema propela haina uamuzi, lakini mtu anayelenga anarekebisha mkono kila anapoitazama ile nukta nyekundu. Nakubali kwamba hilo ni kweli. Ila ndiyo maana kulenga kwenyewe kunalipwa alama moja kila mara. Ukiilipa na leza kwa kazi hiyohiyo, umelipa mara mbili.

Hapa nataka tuzame kwenye hesabu, maana watu wengi hubishania nyongeza bila kujua inapima nini. Kupiga shabaha kunahitaji 8 au zaidi. Bila nyongeza yoyote, njia za kupata 8 au zaidi kwa dadu mbili ni 15 kati ya 36. Ongeza 1, zinakuwa 21. Ongeza 2, zinakuwa 26. Baada ya hapo ngazi zinafupika: 30, 33, 35. Yaani alama ya kwanza ina thamani kubwa kuliko ya tano, na mtu aliyezoea michezo ya dadu moja ya pande 20, ambako kila alama ni asilimia 5 ileile, anaweza kudanganyika.

Sasa mtazame fundi wetu mwenye ujuzi wa 1, ambao nao huongezwa kwenye dadu. Kwa hesabu ya mwamuzi ana jumla ya 5, anahitaji 3 tu kwenye dadu, njia 35 kati ya 36. Kwa hesabu yake mwenyewe ana 7, hawezi kukosa. Saa nzima ya ubishi ilikuwa juu ya njia moja kati ya 36! Kilichobaki, na ndicho chenye uzito, ni kwamba kiasi unachovuka 8 huongezwa kwenye madhara. Bunduki yake inarusha dadu tatu za madhara, wastani 10.5. Alama mbili juu ya hapo, kila risasi, kampeni nzima (yaani hadithi yote tunayoicheza wiki hadi wiki), zinageuza bunduki ya bei nafuu kuwa kitu kingine. Kwa upande huu nasimama na mwamuzi bila kusita. Athari ya kifaa isomwe kwa herufi, hata kama herufi zinauma.

Darubini nayo ndiyo kifaa kikubwa zaidi kwenye bunduki ile, ingawa hakuna aliyeibishania. Kanuni inasema shambulio lolote la zaidi ya mita 100 linahesabiwa kuwa la umbali wa mwisho kabisa, punguzo la 4, isipokuwa una darubini na umelenga. Kwa mita 200, fundi akilenga mara moja bila darubini wala leza, anahitaji 10: njia 6 kati ya 36. Akiwa na darubini anahitaji 6: njia 26. Leza inamsogeza hadi 30 tu.

Tuje kwenye ukungu. Hapa kambi zote mbili zina hoja ninazoziheshimu.

Kambi ya kwanza inasema kitabu hakikutaja ukungu kwenye leza, basi ukungu usiiguse. Hoja yao ya nguvu ni ya haki. Mwamuzi akianza kukagua kila kifaa kwa fizikia, anayejua fizikia zaidi ndiye atakayeshinda kila Jumamosi, na binti aliyejiunga nasi mwezi huu, ambaye hajawahi kushika kitabu hiki, atabaki anatazama. Aliyelipia kifaa ajue alichonunua.

Kambi ya pili inasema mchezo huu tangu vile vijitabu vitatu ulimwachia mwamuzi kazi ya kuijaza dunia. Bila hilo, sayari ya maji na sayari ya jangwa zina tofauti gani? Na wao wana ushahidi wa macho. Aliyewahi kusimama ufukweni hapa alfajiri ya ukungu, wavuvi wa dagaa wakirudi, anajua taa inavyofanya. Haionekani kama nukta. Inavimba, inakuwa doa jeupe lisilo na mpaka, na boti yenyewe huioni mpaka isogee. Leza nayo humwagika kwenye matone yale yale, na inaweza kuacha mstari hewani unaomrudisha adui moja kwa moja hadi kwa aliyeishika bunduki. Kwa hiyo uhalisia unaoiondoa nyongeza ungemwongezea fundi na hatari juu yake.

Mimi naona swali la leza lilikuwa swali lisilo lake. Rudi kwenye maandishi: darubini inahitaji kulenga, leza inahitaji kulenga. Sharti ni lilelile kwa vyote viwili. Basi mwamuzi aulize jambo moja tu, kabla dadu hazijaondoka mkononi: je, mtu huyu, kwenye boti inayoyumba, kwenye ukungu huu, anaweza kulenga? Akisema hawezi, vifaa vyote viwili vimelala, na mchezaji anajua mapema, anaweza kuamua kusogea karibu. Akisema anaweza, vyote viwili vinafanya kazi kama vilivyoandikwa, na mjadala wa matone umeisha. Sharti lisomwe kwa hali ya mahali, maana kulenga ni tendo la mtu ndani ya hadithi, na hadithi ndiyo inayojua kama linawezekana. Kuchagua kifaa kimoja na kukizima kwa sababu mtu amekumbuka somo la mwanga, hilo silikubali.

Na kama anaweza kulenga kwa shida, toleo hili lina njia yake. Unarusha dadu tatu na kuchukua mbili zilizo ndogo. Nimehesabu: aliyelenga mara moja kwa darubini na leza anashuka kutoka asilimia 83 hadi 64. Aliyevumilia zamu nzima kama fundi wetu anashuka kutoka 97 hadi 93 tu. Napenda jinsi inavyotenda. Ukungu unamuumiza mwenye haraka, na aliyengoja anabaki na faida ya kungoja kwake.

Tumeanza daftari. Kila kifaa kinaandikwa kwa Kiswahili siku kinaponunuliwa, mistari mitatu: kinahitaji nini, kinaongeza ngapi, na kinachoongezewa ni nini. Ya leza inasomeka: kulenga, moja, shambulio. Fundi ndiye aliyeiandika, kwa kalamu yake nyekundu ya gereji.

Mstari mmoja bado uko wazi. Kulenga kuna kikomo cha 6. Mtu akilenga mara sita kisha leza iongeze moja, je, ni saba, au leza imemezwa na kikomo? Mimi nasema saba, kwa kuwa kikomo kimewekwa kwenye kulenga, na tumeshakubaliana kwamba leza ni mali ya shambulio. Mwamuzi hajasema lolote. Tunakutana tena Jumamosi saa tisa alasiri.