Anayeshiriki Kinu cha Utafiti Alipie Hadi Siku ya Kukibomoa

Kinu cha utafiti cha nyuklia, yaani mtambo unaopasua atomi kwa ajili ya majaribio badala ya umeme, hula fedha hata siku kikiwa kimezimwa. Mishahara ya waendeshaji wenye leseni, kinga ya mionzi, ulinzi wa saa zote, upozaji wa fueli iliyotumika na ukaguzi unaodaiwa na mamlaka ya usalama havipungui eti kwa sababu wiki hii hakuna jaribio. Ndiyo maana siafiki hata kidogo utaratibu wa kuzitoza nchi zinazomiliki kinu kwa pamoja kulingana na siku ambazo wanasayansi wao wamekitumia. Kwenye karatasi utaratibu huo una sura ya haki. Lakini mshirika mmoja akibanwa na bajeti na kupunguza majaribio, gharama ileile ya usalama huwaelemea waliobaki, nao mwaka unaofuata hupunguza vilevile, mpaka mwendeshaji anajikuta akiahirisha matengenezo ili aweze kulipa mishahara.

Mfano ninaouheshimu ni Institut Laue-Langevin ya Grenoble, iliyoanzishwa mwaka 1967 na Ufaransa na Ujerumani Magharibi, kisha Uingereza ikajiunga mwaka 1973 ikiwa mmiliki wa tatu. Kinu chake, chenye nguvu ya joto ya megawati 58, kiliwashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 na huwapatia watafiti wa fizikia, kemia na biolojia nyutroni, yaani chembe za ndani ya atomi wanazozitumia kuchunguza maada. Nchi nyingine, zikiwemo Uhispania, Italia na Uswisi, zimeshiriki kwa mikataba ya kisayansi bila kuwa wamiliki. Mwaka 1991 kinu hicho kilisimamishwa ili chombo kikuu kinachokizunguka kiini, yaani sehemu yenye fueli, kibadilishwe, na hakikurudi kazini hadi mwaka 1995. Hiyo ni takriban miaka minne bila nyutroni hata moja ya kumpa mtafiti, huku taasisi ikihitaji fedha nyingi kuliko kawaida. Kama mapato yangetegemea siku za majaribio, sioni ni kwa njia gani kinu hicho kingewaka tena. Kilichokiokoa ni wamiliki waliokwisha kujifunga kwa miaka mingi, na waliochukulia matengenezo kuwa sehemu ya mali yao.

Vivyo hivyo baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011, taasisi hiyo ililazimika kuimarisha kinga zake dhidi ya tetemeko la ardhi na mafuriko. Gharama ya namna hiyo haiwezi kuandikwa kwenye ankara ya jaribio lolote, na hakuna mwanasayansi atakayeiombea ruzuku.

Suala la isotopu za hospitali nalo lina funzo lake. Molibdeni-99, atomi yenye mionzi inayotengenezwa vinuni na kutumiwa na hospitali kupiga picha za ndani ya mwili, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66, kwa hiyo haiwekwi ghalani kusubiri dharura. Kinu cha NRU cha Chalk River, Kanada, kilipozimwa kuanzia Mei 2009 hadi Agosti 2010, na kile cha Petten, Uholanzi, kikasimama kwa miezi kadhaa ndani ya kipindi hichohicho, hospitali nyingi duniani zilipungukiwa. Bei ya isotopu hizo ilikuwa ndogo mno kuweza kubeba sehemu halisi ya gharama za vinu, kwa kuwa serikali zilikuwa zimekwisha kuvijenga kwa ajili ya utafiti. Washirika wasiuze isotopu kwa bei ya kutupa halafu wakalalamika kwamba kinu kinawatia hasara.

Upande wa uongozi, naamini baraza la washirika liwe na mamlaka kamili juu ya bajeti na mpango wa utafiti, lakini lisiwe na neno lolote juu ya kuwasha au kuzima kinu. Leseni iwe ya mwendeshaji mmoja, chini ya sheria ya nchi mwenyeji na msimamizi wa usalama asiyelipwa na baraza. Pale ambapo wajumbe wa baraza wanaweza kumpigia simu mkurugenzi kumhimiza awashe kinu mapema, usalama hauna mwenyewe.

Jambo linaloniuma zaidi ni mwisho wa maisha ya kinu. Mradi wa pamoja wa Halden, nchini Norwei, ulianza mwaka 1958 na kwa miongo mingi uliwapa washirika wake wa nchi mbalimbali data muhimu kuhusu tabia ya fueli ya nyuklia. Washirika walichangia programu ya utafiti, lakini kinu chenyewe kilikuwa cha taasisi ya Norwei. Kilipofungwa rasmi mwaka 2018, kazi ya kukibomoa na kutunza fueli iliyotumika ikawa mzigo wa serikali ya Norwei, yaani wa walipa kodi wake.

Kwa hiyo mkataba wowote mpya uwe na mfuko wa ubomoaji unaojazwa tangu mwaka wa kwanza wa uendeshaji, ulio nje ya bajeti ya kila mwaka ili usiguswe fedha zikipungua. Mshirika anayetaka kujitoa atoe taarifa miaka mitatu kabla, na kabla ya kuondoka akamilishe fungu lake katika mfuko huo kwa kadiri ya miaka yote aliyoshiriki, hata ile ambayo hakufanya jaribio lolote.