Kura 220,761: Je, wapiga kura wa Niigata ya 3 walikosea?

Tarehe 12 Oktoba 1983, mahakama ya Tokyo ilimhukumu Kakuei Tanaka, waziri mkuu wa zamani wa Japani, kifungo cha miaka 4 na faini ya yen milioni 500. Kosa lilikuwa kupokea hongo iliyotoka kwa Lockheed, kampuni ya kutengeneza ndege. Alikata rufaa, akabaki nje kwa dhamana. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Desemba, ulifanyika uchaguzi mkuu, na nchi ikatoa hasira zake kwa LDP, chama tawala kilichomlea, hata kikapoteza wingi wa viti. Jimboni kwake, Niigata ya 3, moja ya majimbo ya mkoa wa Niigata, Tanaka alipata kura 220,761. Hakuwahi kupata nyingi kiasi hicho, hata mwaka 1972 alipokuwa waziri mkuu.

Tangu siku hiyo jimbo hilo limekuwa mfano wa kunyooshewa kidole. Wapo wanaosema ndipo demokrasia ya Japani ilipouzwa kwa lami na zege. Wapo wanaosema hapo ndipo watu wa milimani walipopata mtu wa kuwasemea kwa mara ya kwanza. Mimi naona wa kwanza wana haki juu ya Tanaka, lakini wamewadhulumu wapiga kura wake.

Tuanze na mahali penyewe. Upande huu wa Japani, pwani ya magharibi, unapokea pepo za baridi kutoka baharini, na kuna vijiji ambako theluji hujaa mita tatu na zaidi. Zamani majira hayo yalikata njia kabisa. Mgonjwa alibebwa mgongoni kuvuka mlima, na wanaume walikwenda Tokyo kufanya vibarua hadi masika. Katika kijiji cha Yamakoshi, watu wa kitongoji cha Komatsugura walianza mwaka 1933 kuchimba handaki kwa sururu, wakilipenyeza mlimani karibu mita 900. Walilimaliza mwaka 1949. Miaka 16 ya kupiga mwamba kwa mikono, kwa sababu hapakuwa na serikali iliyokuja kuwachimbia.

Tanaka alizaliwa jimboni humo mwaka 1918, hakufika chuo kikuu, na aliingia bungeni mwaka 1947. Alijua wanachokitaka kwa sababu alikikosa yeye mwenyewe. Mtandao wake, Etsuzankai, ulioanzishwa mwaka 1953, ulikuwa na matawi hadi vijijini, na maombi ya daraja, shule au mashine ya kuondoa theluji yalipanda ngazi kwa ngazi hadi kwake. Wapiga kura walijazwa kwenye mabasi kwenda kumwona nyumbani kwake Mejiro, Tokyo. Na mambo yalitokea: treni ya kasi ya Joetsu ilianza kufika Niigata mwaka 1982, na mwaka 1985 barabara kuu ya Kan-Etsu ikakamilika kwa handaki lililopasua milima.

Wakosoaji wanauliza: kwa fedha za nani? Swali hilo ni zito. Barabara ya Niigata ililipwa na mlipakodi wa Osaka na Tokyo pia, huku kura ya mtu wa mjini ikihesabiwa kidogo kuliko ya mtu wa shamba. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Japani ilitamka kwamba mgawanyo wa viti uliotumika mwaka 1972 ulivunja katiba, maana kura ya jimbo moja ilikuwa na uzito wa karibu mara tano ya kura ya jimbo jingine. Zaidi ya hayo, kazi zikigawiwa kwa kufuata mtandao wa mbunge, mkandarasi naye hugeuka kuwa kampeni meneja. Kitongoji kilichompigia kura mpinzani kilijua kitangoja.

Hata hivyo, mfumo ule haukutungwa na wakulima wa Niigata. Jimbo lilikuwa na viti 5, kila mpiga kura akiwa na kura moja tu, hivyo wagombea wa LDP walipigana wao kwa wao. Sera zao zilikuwa moja, basi kilichobaki kuwatofautisha ni nani ameleta nini. Kura za ziada hazikuhamia kwa mwingine: zile 220,761 zingetosha kuingiza zaidi ya wabunge wawili. Kwa hiyo wapiga kura wa 1983 hawakuwa wakimwokoa Tanaka asianguke. Walikuwa wakituma ujumbe Tokyo, nao ulisema: mlitusahau, huyu hakutusahau. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ninapoachana nao ni kwenye suala la mahakama. Hongo ya Lockheed haikuwa daraja la Niigata. Kumtetea mtu kwa sababu alikujengea ni jambo la utu, lakini kumfanya asiguswe kwa sababu hiyo ni kuwanyima Wajapani wengine haki yao. Mwaka 1986, akiwa amepooza kwa kiharusi na hakuweza kufanya kampeni, bado alishika nafasi ya kwanza. Hilo nashindwa kuliita uwakilishi.

Na kuna hesabu nyingine ambayo mashabiki wake huikwepa. Jimbo hilo ndilo lenye kituo cha nyuklia cha Kashiwazaki-Kariwa, chenye vinu 7, mali ya kampuni ya umeme ya Tokyo. Nyumba za Niigata hupata umeme wao kutoka kampuni nyingine. Hatari ikabaki kwa wenyeji, mwanga ukaenda mjini.

Mfumo wa viti vingi ulifutwa mwaka 1994. Binti yake, Makiko, aliyekuwa ameingia bungeni mwaka 1993, miezi michache kabla ya baba kufariki, akalishika jimbo jipya la Niigata ya 5. Wengi waliamini kiti ni cha ukoo. Mwaka 2012 akakipoteza akiwa waziri wa elimu, na aliyemshinda ni Tadayoshi Nagashima, aliyekuwa mkuu wa kijiji cha Yamakoshi, kilekile cha sururu, wakati tetemeko la Oktoba 2004 lilipowalazimisha wakazi wote kuhamishwa kwa helikopta. Jina la Tanaka halikutosha mbele ya mtu aliyekuwa nao ardhi ilipopasuka.

Katika uchaguzi wa 2024 viti vya majimbo vya mkoa wa Niigata vilipunguzwa kutoka 6 hadi 5, na Tokyo ikaongezewa 5. Vijana walikuwa wameondoka kwa miaka mingi, wengi wao kwa treni ileile na barabara ileile.