Mboji kwanza au kupima udongo kwanza? Mi nawapa haki wote, ila si mwaka mmoja

Huu ubishi uko kila kona hapa Dodoma siku hizi. Watu wanajenga Ilazo, Nala, Ihumwa huko, wakishahamia tu wanataka mchicha na nyanya zao nyuma ya nyumba, na ukiomba ushauri unakutana na makundi mawili. Moja linakwambia mwaga samadi na mboji, udongo utajirekebisha wenyewe. Lingine linasema usiweke hata koleo moja kabla hujapeleka sampuli maabara, mgonjwa unamtibuje hujampima?

Mi naona kundi la kwanza lina haki kuliko wataalamu wanavyotaka kukubali. Huu udongo wetu mwekundu wa kichanga shida yake kubwa ni maji kabla hata ya virutubisho. Mvua yenyewe msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, inapiga siku mbili kama imetumwa halafu inapotea wiki nzima. Unamwagilia asubuhi, saa nane mchana ukizamisha kidole hakuna kitu. Hapo ni mboji tu ndo itakusaidia kushika maji, na kwa jua hili inaliwa haraka kwahiyo kila msimu unaongeza. Karatasi ya maabara haishiki maji bwana.

Sasa hapo kwenye "kila msimu unaongeza" ndo kundi la pili linapowabana wenzao. Samadi tunayonunua sisi ni ile ya zizini, imepigwa jua miezi, naitrojeni imeshapaa hewani (ile harufu inayochoma pua ndo hela yako inaondoka hivyo), kilichobaki ni fosforasi, potasiamu, chumvi, na mchanga mwingi tu ambao umeulipia. Na mmea unataka naitrojeni mara kadhaa kuliko fosforasi, kwahiyo ukiweka samadi mpaka naitrojeni itoshe, fosforasi inajazana mwaka hadi mwaka, ikizidi sana inaanza kuunyima mmea zinki na chuma. Mtu anaona majani yamekuwa njano anasema mbolea haijatosha, anaita kirikuu nyingine.

Jirani yangu yalimkuta. Chinese zake majani machanga njano, mishipa tu ndo imebaki kijani, na kila Jumapili anamwaga jivu la jikoni akijua anasaidia. Tukachukua kijiko cha udongo wa lile tuta tukaweka kwenye kisosi, tukadondoshea siki, povu likachemka kama soda, dalili ya chokaa nyingi. Kumbe pale ndo mafundi walikuwa wanakorogea zege! Saruji chini, jivu juu, na vyote vinapandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo, namba ikipanda uchachu unapungua), ikishapita 7.5 chuma kinaweza kuwepo kwenye udongo na mmea usiweze kukichukua. Hapo hata mboji ya dhahabu ungeongeza mpaka uchoke.

Ila na wapimaji nao wasitutishe. Siki haikupi namba ni kweli, lakini hata maabara inakupa namba za kile ulichopeleka, na wengi wanachota koleo moja pale karibu na mlango. Sampuli ni ya sehemu 10 mpaka 15 kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, unachanganya kwenye ndoo safi ya plastiki, unaanika kivulini, unapeleka kama nusu kilo. SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wanapima, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano Tanga pia, maana yake kiroba chako kinapanda basi, na kwa matuta sita ya mchicha hesabu hiyo wengine haiwalipi. Namba ya naitrojeni ndo kabisa, mvua mbili tu imeshabadilika.

Kwahiyo mi mwaka wa kwanza ningeweka mboji bila kupima, isipokuwa kama kiwanja kina mabaki ya ujenzi au unamwagilia maji ya kisima chenye chumvi, hapo pima pH na chumvi kwanza. Mwaka wa tatu, samadi ikishakuwa mazoea, pima pH na fosforasi hata kama bustani inapendeza. Fosforasi ikiwa juu achana na samadi kwa muda, naitrojeni itafute kwenye kunde au urea kidogo.

Jirani jivu ameacha, na lile tuta la zege siku hizi anaegesha pikipiki.