Dixieland Isikilizwe Kuanzia kwa King Oliver

Wengi wanaotaka kuifahamu jazi ya Dixieland, yaani mtindo wa awali wa jazi uliokulia New Orleans, huelekezwa kwanza kwenye "Livery Stable Blues", iliyorekodiwa New York mnamo Februari 1917 na Original Dixieland Jass Band, kwa kuwa ndiyo inayohesabiwa kuwa santuri ya kwanza ya jazi kuingia sokoni. Nafasi yake katika historia siipingi. Hata hivyo, kwa msikilizaji mgeni si mlango mzuri: vyombo vinaigiza jogoo, farasi na ng'ombe, na mzaha huo ukishazoeleka, hubaki machache ya kumrudisha mtu kwenye wimbo. Isitoshe, wapigaji wake wote watano walikuwa Wazungu, ilhali muziki wenyewe ulikuzwa hasa na watu weusi na Wakrioli (watu wa asili mchanganyiko) wa New Orleans, ambao walichelewa kupewa nafasi ya kurekodi.

Ningependa mtu aanze na "Dippermouth Blues", ambayo bendi ya King Oliver, mpiga koneti (chombo kinachofanana na tarumbeta ila kifupi zaidi), iliirekodi Aprili 1923 katika studio ya Gennett, mjini Richmond, Indiana. Maikrofoni hazikutumika, wapigaji walikusanyika mbele ya pembe kubwa iliyopeleka mitetemo ya sauti hadi kwenye sindano ya kuchonga santuri, na ndiyo maana mlio umefifia na ngoma hazisikiki sawasawa. Nawasihi wasikilizaji wauvumilie mkwaruzo huo, kwa sababu nyuma yake kuna ustadi ambao rekodi safi za miaka ya baadaye huufikia kwa nadra: koneti zinaushika wimbo, klarineti ya Johnny Dodds inazunguka juu yake, tromboni inajaza chini, na hakuna anayemfunika mwenzake. Koneti ya pili ni ya Louis Armstrong, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Kisha Oliver anapiga peke yake, akiuziba na kuuzibua mdomo wa koneti hadi inaelekea kutamka maneno, na kipande hicho wapiga tarumbeta waliendelea kujifunza kwa miaka mingi. Usikilize wimbo huu mara kadhaa, kila mara ukifuata chombo kimoja tu.

Kilele cha mtindo huu, kwa maoni yangu, ni "Black Bottom Stomp" ya mpiga piano na mtunzi Jelly Roll Morton na bendi yake, Red Hot Peppers, iliyorekodiwa Chicago mnamo Septemba 1926. Morton alithibitisha kwamba uhuru wa wapigaji na mpangilio wa mtunzi vinaweza kukaa pamoja, kwani katika takriban dakika tatu klarineti, piano, koneti na banjo hupokezana, mdundo hubadilika tena na tena, na bado wimbo unasonga mbele bila kusuasua.

"Potato Head Blues" ya Armstrong, ya Mei 1927, inaonyesha mizani ikianza kuelemea upande mmoja. Katika sehemu yake moja bendi inagonga pigo moja kila baada ya baa mbili (baa ni kipimo cha mapigo ya muziki) na kunyamaza, huku Armstrong akiubeba wimbo peke yake. Naupenda sana upigaji wake huo, kama ninavyoupenda utangulizi wake katika "West End Blues" ya 1928, lakini hapo tunamsikiliza mtu mmoja akiipita bendi yake. Anayetaka kusikia sauti zikisukana na arudi kwa Oliver, kisha aitafute "High Society", ambayo kipande chake cha klarineti kilitokana na sehemu ya filimbi katika muziki wa gwaride.