Mayai matatu na hoja ya kufuta mnada

Baraza la wazee la usharika wetu, huku mlimani juu ya mji wa Moshi, limeleta pendekezo ambalo mkutano mkuu wa usharika utaliamua. Mnada wa baada ya ibada, ule wa kunadi vitu ambavyo washarika wameleta kama sadaka, ufutwe. Badala yake kila msharika mwenye kipato aahidi shilingi 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya misioni na diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, alipe kwa bahasha au kwa simu. Nusu ya fedha iende kwa mwinjilisti tunayemtunza kule Simanjiro, nusu ibaki kwa wagonjwa, wajane na watoto wa shule wa hapa hapa. Mwishoni kuna mstari mmoja mfupi: wazee wa umri na wasio na kipato wamesamehewa.

Walioandika pendekezo hilo nawafahamu na nawaheshimu, na sehemu kubwa ya wanachosema ni kweli. Ila huo mstari wa mwisho umenikaa rohoni tangu siku uliposomwa.

Nianze na hoja yao, maana ina uzito. Mwinjilisti anakula kila siku, na posho yake haiwezi kungoja ndizi zikomae. Mnada una misimu yake. Desemba, watu wanaporudi kutoka Dar es Salaam kula Krismasi nyumbani, mkungu mmoja unaweza kupanda hadi ukashangaa kama ni ndizi ile ile uliyoiona shambani. Januari mifuko imekauka, na mkungu kama huo unaondoka kwa bei ya sokoni, pengine chini yake. Na Januari ndipo shule zinafunguliwa. Tangu 2016 mtoto wa shule ya serikali halipi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita, lakini haendi shule bila sare, viatu, madaftari na chakula, na vyote hivyo vinatakiwa wiki moja, ile ambayo meza yetu ya mnada iko tupu kuliko wiki zote za mwaka. Anayeshika daftari la diakonia ndiye anayekuja kugongewa mlango na wazazi. Mimi nisiyegongewa mlango sina haki ya kumwambia kwamba hana sababu ya kutaka fedha yenye uhakika.

Na Maandiko wanayo. Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu ajiwekee akiba "kwa kadiri ya kufanikiwa kwake", ili michango isije ikaanza kuhangaikiwa siku atakapofika yeye. Ukiisoma sura hiyo ukiwa na bahasha mkononi, unaona kabisa bahasha ilikotoka.

Wanasema pia kwamba wapo wanaonunua ili waonekane. Wapo, na neno la mkono wa kushoto kutojua ufanyalo mkono wa kuume linawahusu. Wanasema washarika wanaokaa mjini wananunua ndizi soko la Mbuyuni alfajiri ili waje kuzitoa kanisani, wakati wangeweza kutoa fedha hiyo moja kwa moja. Hilo nalo ni kweli, na sina la kulijibu. Wanaposema kwamba Yesu alizipindua meza za wafanyabiashara hekaluni, hapo siwafuati. Wale walikuwa wanatafuta faida yao kwa watu waliokuja kusali. Kwenye mnada wetu aliyeleta kuku anarudi nyumbani bila kuku na bila senti.

Sasa niseme nilichokiona mwezi uliopita.

Bibi mmoja, umri wake umepita miaka themanini, anakaa chini ya barabara karibu na mfereji. Alipanda na mkongojo wake hadi kanisani, na mkono wa pili ameshika bakuli la bati lililofunikwa kitambaa cheupe. Nikamwamkia, nikataka kumpokea.

"Marahaba, baba. Hebu yaangalie kwanza, macho yangu hayaoni vizuri. Hakuna lenye ufa?"

Nikafunua. Mayai matatu ya kienyeji, moja bado na unyoya umegandia. Nikayageuza moja moja, nikamwambia ni mazima. Ndipo akaniachia bakuli.

Yalipofika mezani, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akayainua juu kwa mikono miwili kama anavyoinua kila kitu, mkungu au kibuyu cha maziwa. Mtu wa kwanza akayachukua kwa 5,000, akasema yarudi mezani. Wa pili akatoa 7,000, akayarudisha. Halafu vijana wa kwaya wakachangishana noti za elfu moja moja, wakafika 10,000, wakasema wao yanapelekwa kwa mama mmoja wa mtaa wetu aliyejifungua kwa upasuaji wiki ile. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni. Akanivuta shati kuniuliza yamekwenda kwa nani. Nikamweleza. Akasema, "Mwambieni achemshe, asikaange."

Dukani yai la kienyeji hapa kwetu ni kama 500. Mayai matatu ni 1,500. Mezani yametoa 22,000, na mayai yenyewe bado yapo, yamekwenda kuliwa na mzazi. Hesabu hii nimeizungusha kichwani siku nyingi, nami najua mwenzangu wa upande wa pili atasemaje: wale walionunua wangeitoa 22,000 hiyo hiyo kwenye bahasha, mayai hayakuongeza kitu. Inawezekana kwa yule wa kwanza. Kwa yule wa pili sina hakika. Kwa vijana wa kwaya nakataa. Wale wengi wao hawana kazi ya mshahara, kwenye pendekezo hili nao wangehesabiwa kama wasio na kipato, na noti zile zilitoka kwa sababu bibi mwenye mkongojo alikuwa amekwisha kutoa chake mbele yao. Hata tukubali, kwa ajili ya mjadala, kwamba fedha ingekuwa ile ile, bado kuna mayai. Bahasha ingeleta 22,000. Mnada umeleta 22,000 na chakula cha mzazi. Na bakuli halikurudi kwa bibi likiwa tupu. Mume wa yule mama alilirudisha na sukari ndani yake, akakaa akaongea naye, nyumba mbili ambazo zilikuwa hazijuani.

Kinachonisumbua zaidi ni daftari. Jioni ile niliomba kuliona. Mnunuzi wa kwanza ameandikwa, wa pili ameandikwa, kwaya imeandikwa. Bibi hayupo. Tumekuwa tukifanya hivyo miaka yote: anayeandikwa ni aliyenunua, aliyeleta anapotea. Kwa hiyo wazee walipokaa kupitia hesabu, wakatafuta ni nani hasa wanaobeba misioni na diakonia, waliona majina ya wenye mishahara na wenye maduka. Wakaona haki kuwapumzisha wengine. Walifanya hivyo kwa upendo, sina shaka. Lakini walikuwa wanasoma daftari lisilojua mayai yametoka wapi.

Kwa watu wa kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, jambo hili lina mizizi mirefu. Kahawa ilikuwa ya baba. Tangu wakulima walipojiunga kuwa chama mwaka 1925, na baadaye KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ilipoanza mwaka 1933, fedha ya kahawa ilipitia chamani na ikamfikia mwanamume. Ndizi zilikuwa za mama, na maziwa, na mazao anayobeba kichwani kwenda sokoni. Mwaka 1989 mgao wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na wengi wakaishia kung'oa mibuni, lakini hata kabla ya hapo mama wengi hawakuwa na fedha ya mkononi ambayo wangeweza kuiita yao. Mkungu walikuwa nao. Walipouweka mbele ya madhabahu walikuwa wanatoa kilicho chao, bila kumwomba mtu. Ukimwambia mwanamke wa namna hiyo leo kwamba sadaka inayohesabika kwa misioni ni shilingi kwenye simu, umemrudisha kwenda kumwomba mwanawe aliye Dar amtumie.

Watu wa hapa tunajua kupokea misioni. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na sharika nyingi za mlima huu zina mkono wao. Ila mwaka 1920 utawala wa Waingereza uliwaondoa Wajerumani, na sharika hazikufa. Walimu na wazee wenyeji walizishika. Wazazi wa bibi yule ni wa kizazi hicho, waliojua kwamba kanisa ni lao kulibeba. Leo sisi ndio tunaotuma mwinjilisti Simanjiro, na bibi naye ni mtumaji. Pendekezo linampa nafasi nyingine kabisa, ya kuwa mmoja wa wanaohudumiwa na ile nusu inayobaki. Ndiyo maana neno "wamesamehewa" linaniuma. Anayesamehewa ni mdaiwa. Yeye hakuwa anadaiwa kitu, alikuwa anatoa.

Kuna jambo la pili kuhusu ahadi ambalo wanaoitetea hawalizungumzi vya kutosha. Ahadi ikishapangiwa kiwango, mwaka wa pili inakuwa deni. Tumeyaona haya kwenye michango ya ujenzi: orodha inabandikwa ubaoni, kila jina na baki lake. Wapo niliowaona wakihamia kusali mbali kwa sababu ya orodha kama hiyo, na ni nani wa huku ambaye hajasikia maneno msibani, familia ikiulizwa kama marehemu alikuwa amemaliza ahadi zake? Wanaosema mnada unamwaibisha maskini wapime na hilo. Mezani, asiye na kitu siku hiyo anakaa tu, hakuna anayejua. Ubaoni anajulikana kwa jina. Paulo yule yule wa akiba ya kila juma aliwaandikia watu wale wale kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima."

Mmoja wa wazee alitaja rafiki zetu wa Ujerumani, kwamba wao wana utaratibu, fedha inaingia bila kelele za mnada. Ni kweli wana kodi ya kanisa: serikali inaikata pamoja na kodi ya mapato, asilimia 8 au 9 ya kodi hiyo kutegemea jimbo. Inajenga, inalipa, inatuma misaada, na sisi tumenufaika nayo, sitaidharau. Lakini kila mwaka mamia ya maelfu ya watu huko wanajiandikisha kujitoa kanisani, na akishajitoa hakatwi tena. Sababu zao ni nyingi, na kodi ni mojawapo. Nashangaa tunataka kuiga upande ule wa maisha yao ambao wao wenyewe unawasumbua.

Hata hivyo siwezi kusema mnada ubaki kama ulivyo. Posho ya mwinjilisti na mahitaji ya Januari yatoke kwenye ahadi, na mwenye mshahara kama mimi aahidi zaidi ya 2,000, maana anaweza. Mnada ufanyike Jumapili moja ya mwezi, baada ya ibada ya pili, ili wa ibada ya kwanza wasishikiliwe. Anayenadi aseme kabla ya kuinua kitu kwamba leo tunamtolea nani au shughuli gani. Aliye na fedha aache kununua ndizi za Mbuyuni, alete fedha. Na daftari lichorwe safu mpya upande wa kushoto, kabla ya jina la mnunuzi na kabla ya kiasi, ya kuandika aliyeleta na alicholeta: mkungu wa mshare, maziwa lita mbili, mayai matatu.

Kwenye mkutano mkuu nitaomba nafasi ya kusema mambo mawili tu, maana muda unakuwa mfupi. La kwanza ni hiyo safu. La pili, mstari wa mwisho ukatwe, na mahali pake paandikwe kwamba asiye na kipato ataleta alicho nacho mezani siku ya mnada, na jina lake litaandikwa.